Niliruka na bawa la kuning'inia kutoka Pedra Bonita hadi ufukweni, Rio de Janeiro: uzi kwa wanaotaka kujaribu

Binti Pangani

Wakuu habari za jioni. Mwezi wa nane nilikuwa Brazil kikazi. Mimi niko kwenye mkonge huku Tanga, na wanaoongoza duniani kwa mkonge ni wao, kwa hiyo tulipelekwa watu watatu jimbo la Bahia kuona wanavyokata na kusindika. Kazi ilipoisha nilibaki na siku nne za kwangu nikazimalizia Rio. Sikufuata mpira wala kanivali. Nilifuata jambo moja: lile bawa la kitambaa ambalo mtu ananing'inia chini yake kifudifudi, wewe na rubani ubavu kwa ubavu, mnatoka mlimani na kutua mchangani. Wenyewe wanaliita asa delta kwa sababu ya umbo lake la pembetatu.

Naanzisha uzi huu kwa kuwa kabla ya kwenda nilitafuta maelezo ya Kiswahili nikakosa kabisa. Nitaandika vipande vipande, mtoto hajalala bado. Maswali karibuni.

Kwanza mjue kwa nini mtu wa mkonge ahangaike na mambo haya. Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi, Pangani kwenda Unguja na kurudi. Nimekua nikishika tanga likishonwa. Siku nilipoona picha ya lile bawa kwa mara ya kwanza sikuona ndege. Niliona tanga limelazwa, na mtu amefungwa pale ambapo chombo kingekaa. Tangu hapo halikunitoka kichwani.

Mahali penyewe panaitwa Pedra Bonita, mlima ulio ndani ya hifadhi ya msitu wa Tijuca, na msitu wenyewe uko katikati ya jiji. Jukwaa la kurukia ni la mbao, limeinamishwa kuelekea bahari, juu ya usawa wa bahari mita 500 na kitu. Mnatua Praia do Pepino, ufukwe wa mtaa wa São Conrado. Ukiwa mjini unapanda metro hadi kituo cha São Conrado, unatembea kidogo hadi kwenye klabu ya warukaji iliyo pale pale ufukweni, unajaza fomu, kisha gari linakupandisha mlimani huku bawa limekunjwa na kufungwa juu ya keria. Fomu inakuandika kama mwanafunzi wa siku moja. Someni kabla ya kutia saini, msione aibu kuuliza.

Kipusa wa Mbeya

Dada nimeweka kambi hapa. Ulilipa kiasi gani, na sisi wenye miili tunabebwa?

Binti Pangani

Kipusa, kwangu jumla ilikuja kama dola 150, pamoja na picha, na ada ya klabu ililipwa kando. Bei zinapishana, ulizia kabla. Uzito wanapima kweli, wanakupandisha mzani. Niliokwenda nao mwisho wao ulikuwa kilo 100 na wakati mwingine wanashusha kulingana na upepo wa siku hiyo. Ukiambiwa leo hapana, usibembeleze. Si dharau, bawa lina kiwango chake.

Naendelea.

Siku ya kwanza sikuruka. Naomba hili nilieleze vizuri kwa sababu ndilo lililonifunza kuliko kuruka kwenyewe.

Tulifika jukwaani saa tatu asubuhi. Jua kali, anga safi, nikasema leo ni leo. Rubani wangu, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alisimama ukingoni na kitambaa chepesi kimefungwa kwenye mti. Kile kitambaa kilikuwa kinaelekea baharini. Akanionyesha kwa kidole bila neno. Upepo ulikuwa unatoka mgongoni kwetu.

Wanaojua vyombo watanielewa. Baharini unaomba upepo wa tezi, yaani unaotoka nyuma ya chombo. Ukiupata unatweka tanga na kumshukuru Mungu. Kwa bawa lile mambo yamegeuka: upepo wa tezi ni adui, unataka upepo wa omo, wa mbele ya chombo, ukupige usoni. Bawa halibebi kwa sababu unakwenda mbele ya ardhi, linabeba kwa sababu hewa inapita juu yake. Alivyonieleza, linahitaji hewa ipite kwa kasi ya kama kilomita 30 kwa saa. Upepo wa omo ukikuletea 15, miguu yako inadaiwa 15 tu. Ukija wa nyuma wa 10, miguu inadaiwa 40, na hakuna mtu anayekimbia 40 amebeba bawa juu ya mbao zinazoteremka.

Asubuhi huwa hivyo hata kwetu: umande, ule upepo wa alfajiri, unatoka nchi kavu kwenda baharini, jua likishapasha ardhi upepo unageuka, unaingia kutoka baharini. Kwa kawaida mnasubiri saa moja mbili tu. Lakini siku ile haukugeuka. Ulikuwa upepo wa moto, mkavu, wa kaskazini magharibi, na rubani akasema huo hutangulia mvua ya baridi inayotoka kusini. Tukakaa hadi saa saba mchana. Kulikuwa na kijana mmoja mgeni kama mimi, ndege yake ilikuwa usiku ule ule, akaanza kupandisha sauti kwamba amelipa, kwamba kampuni nyingine zingemrusha. Rubani alimsikiliza hadi mwisho, akamrudishia pesa zake, akaanza kukunja bawa.

Nilimheshimu sana yule mtu. Nilimwona baba kabisa, alivyokuwa anakataa kung'oa nanga na abiria wamejaa chomboni wanamtukana. Sisi watoto tulikuwa tunaona haya. Leo najua ni mara ngapi haya ile ilituletea baba nyumbani.

Siku ya pili mvua, kama alivyosema. Nikaruka siku ya tatu.

Kwa hiyo ombi langu kwa anayepanga kwenda: usiliweke siku yako ya mwisho. Liweke la kwanza, na uache siku 3 wazi. Anayekuja na siku moja ndiye anayemshurutisha rubani, na rubani anayeshurutika si wa kuruka naye.

Mzee wa Likoni

Mwanangu, nimesoma hapo kwa tezi na omo nikasimama. Nimefanya kazi vyomboni miaka 22, Lamu, Mombasa hadi Mukalla. Endelea kutueleza. Hilo bawa lina foromali?

Binti Pangani

Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi mno kukuona hapa.

Foromali, ule mti wa kubebea tanga, ipo lakini ni mbili, zimekutana puani kama herufi V. Ni mabomba ya alumini, ndiyo makali ya mbele ya bawa kushoto na kulia. Katikati kuna bomba jingine la urefu, na moja la kukingama linalotanua yote. Kitambaa kinavutwa katikati yao hadi kinalia ukikigonga kwa kidole. Chini yake inaning'inia pembetatu ya mabomba, na lile bomba la chini ndilo usukani. Hakuna mkia, hakuna injini. Rubani anavuta bomba kifuani, uzito wake unakwenda mbele, pua inainama, kasi inaongezeka. Akilisukuma, kasi inapungua. Akihamisha mwili kulia, bawa linakata kulia. Mwili wa mtu ndio usukani wenyewe.

Nilivyosoma, chanzo cha umbo hili ni Francis Rogallo wa Marekani, ambaye mwaka 1948 yeye na mkewe Gertrude waliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya bawa laini la kitambaa. Mwaka 1963 John Dickenson wa Australia akalifanyia ile pembetatu ya kushikia, likavutwa na boti. Kabla yao wote kuna Otto Lilienthal wa Ujerumani, aliyeruka mara zaidi ya 2,000 kwa mabawa aliyoyatengeneza mwenyewe, akaanguka na kufa mwaka 1896. Naye alikuwa anaongoza kwa kuhamisha mwili.

Mtazamaji Kimya

Dada hongera, ila mimi ile video ya Uswisi ilinimaliza. Abiria hakufungwa, akaning'inia kwa mikono tu hadi chini. Sitaki hata kusikia.

Binti Pangani

Nashukuru umeitaja, kwa sababu watu wanaisema kama kisa cha kutisha bila kuangalia kilichokosewa. Ilikuwa 2018, karibu na Interlaken. Yule bwana wa Kimarekani alivaa gwanda la mikanda vizuri kabisa. Rubani akasahau kuliunganisha gwanda na bawa. Wakaondoka mlimani, abiria akaning'inia kwa mikono dakika 2 na sekunde 14, mkono mmoja kwa bomba na mwingine kwa rubani. Alinusurika, akavunjika kifundo cha mkono.

Kosa lile lina dawa yake na inachukua nusu dakika. Mkishavaa, kabla ya kusogelea jukwaa, msaidizi anashika pua ya bawa, rubani na wewe mnalala ndani ya mikanda, miguu hewani, mnaning'inia pale pale juu ya ardhi. Usipofungwa utaanguka kwenye nyasi, si kwenye bonde.

Rubani wangu alifanya zaidi. Nilipokuwa nimening'inia aliniambia nitazame juu, nifuate mkanda wangu kwa macho hadi ulipoishia. Pale kuna kulabu ya chuma nene kama kidole gumba, ina mlango wenye parafujo. Akaniambia niiguse. Nikanyoosha mkono, nikaishika, ilikuwa baridi, nikaizungusha ile parafujo ikagoma, imekaza. Kisha akanitaka niseme kwa sauti kwamba nimeiona imefungwa. Akagusa ya kwake, akasema ya kwake. Baada ya hapo akaigusa tena ya kwangu.

Baba alikuwa hawezi kutweka kabla hajapitisha mkono kwenye fundo la jarari, kamba ya kupandishia tanga, hata kama amelifunga yeye mwenyewe dakika iliyopita. Mkono ule ule.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukienda, sema wazi: "Nataka tulale kwenye mikanda kwanza." Asiyekubali, vua gwanda, shuka. Rubani huwa pia amebeba parachuti ya akiba, muulize iko wapi, akuonyeshe.

Kipusa wa Mbeya

Haya sasa tueleze kuruka kwenyewe, mate yamenikauka.

Binti Pangani

Siku ya tatu kulipambazuka baridi, upepo unatoka kusini baharini, umetulia. Kile kitambaa mtini kilituangalia sisi.

Kabla ya jukwaa tulifanya mazoezi ya kukimbia pembeni, mara nne. Mkono wangu wa kushoto kwenye mkanda wa begani wa rubani, macho mbele, hatua ndefu. Masharti ni mawili: usiruke, na usisimame. Anayeruka juu analiangushia bawa uzito wake mara moja. Anayesimama anamvuta rubani nyuma na bawa linageuka upande. Unakimbia hadi miguu ikose cha kukanyaga, na hapo bado unaendelea kukimbia.

Watu hudhani woga uko angani. Uko kwenye zile mbao. Ni hatua chache tu, sikuzihesabu, labda nane. Zimepakwa kitu cha kukwaruza miguu isiteleze, na mwisho wake unauona waziwazi, mbao zinakatika na baada yake ni vilele vya miti. Kila kitu mwilini kinakuambia simama. Rubani akahesabu um, dois, três, tukakimbia. Hatua ya tatu nikasikia mikanda inanivuta kwenye mapaja kwenda juu. Ya tano nilikuwa naparaza mbao kwa ncha za vidole. Sikusikia tumbo kushuka kama kwenye lifti. Hatukuanguka hata kidogo. Ardhi ndiyo iliyoondoka.

Kisha kimya. Nyaya za bawa zinavuma taratibu, sauti ile ile ya kamba chomboni upepo ukiwa mzuri. Nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Kulia kwetu Pedra da Gávea, jabali lenye mita 844, uso wake wa mawe uko juu yako ingawa uko angani. Kushoto mlima Dois Irmãos, na kwenye miteremko yake Rocinha, nyumba za matofali mekundu zimepandana hadi mgongoni mwa mlima. Chini kabisa uwanja wa gofu, ghorofa ya mviringo ya Hotel Nacional aliyoichora Oscar Niemeyer, halafu mstari mweupe wa mawimbi. Anayetarajia kupita juu ya ile sanamu ya Kristo asahau, Corcovado iko upande mwingine wa msitu.

Na huo msitu. Juu unaonekana kama haujaguswa tangu dunia iumbwe, kumbe umepandwa. Karne ya 19 milima ile ilikatwa ikawa mashamba ya kahawa, chemchemi za jiji zikakauka. Mwaka 1861 mfalme Pedro II akaamuru irudishiwe miti. Meja Manuel Gomes Archer akapewa kazi, na mikono aliyoanza nayo ilikuwa ya watumwa sita: Eleutério, Constantino, Manuel, Mateus, Leopoldo na Maria. Miche kama laki moja katika miaka 13. Nilikuwa nimesoma majina yao usiku wa mvua nikayaandika kwenye karatasi. Nikiwa juu ya miti yao niliyataja yote sita kwa sauti. Rubani akadhani nasali, akanyamaza.

Mtashangaa: mafenesi yamejaa mle. Mfenesi uliletwa kutoka Asia na sasa umeshamiri hadi wenye hifadhi wanahangaika kuupunguza. Nikiwa garini tulipokuwa tunapanda nilisikia harufu ya fenesi bivu, nikajiona niko Muheza.

Bila msaada wa upepo, bawa la watu wawili linashuka mita 1 na kidogo kwa sekunde, kwa hiyo kutoka urefu ule una dakika 7 hivi. Sisi tulikaa 14. Upepo wa bahari ukigonga mlima hauna pa kwenda ila juu, na rubani akawa anatembea ndani ya ule upepo unaopanda, kwenda na kurudi mbele ya jabali. Mahali pengine alifuata tumbusi weusi, wenyewe wanawaita urubu. Walipokuwa wanazunguka bila kupiga bawa, na sisi tukaenda kuzunguka nao. Mmoja alikuwa karibu kiasi cha kuona manyoya ya ncha za bawa lake yanavyojipinda moja moja, kama vidole.

Mkimbiaji Iten

Dada, uzi mzuri sana. Hapa kwetu bonde la Kerio wazungu huja na zile parachuti za kupaa, hasa Januari hadi Machi. Wanaruka kutoka ukingoni huku juu. Ni kitu kimoja?

Binti Pangani

Ni ndugu, ndugu yangu, lakini si kimoja. Ile parachuti haina mabomba, ni kitambaa na kamba, unakaa kama kitini. Hili lina mifupa, unalala kifudifudi, na linakwenda kasi zaidi. Sababu ya wao kuja kwenu ni ile ile: ukingo mrefu na hewa inayopanda. Pedra Bonita nako wanaruka kwa vyote viwili, majukwaa yanapakana. Anayetoka Nairobi au Arusha na hana nauli ya Brazil aanzie kwenu Iten, aulize rubani mwenye leseni ya kubeba abiria.

Mtazamaji Kimya

Na kutua? Hapo ndipo napaogopa zaidi.

Binti Pangani

Tulipita juu ya mawimbi, tukageuka, tukaingia ufukweni pua ikiwa kwenye upepo. Rubani akafungua zipu ya gwanda, akaniambia nishushe miguu. Mchanga ulianza kukimbia chini yetu haraka kuliko nilivyotarajia, maana juu huoni kasi. Tulipobakiza kama kimo cha mtu mmoja kutoka chini, akasukuma bomba lote kwenda mbele na juu. Pua ikainuka, bawa likashika hewa na kusimama, kama nahodha anapoelekeza omo kwenye upepo ili chombo kitulie. Tukatembea hatua tatu. Mchanga ulikuwa wa moto.

Kuna jambo waliniambia pale klabuni. Yule bingwa wao Pepê, Pedro Paulo Lopes, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1981, alifia kwenye mchezo huu huko Japani mwaka 1991. Wanalisema wazi kwa mgeni, hawalifichi. Nililipenda hilo. Nawaambieni na nyinyi kwa sababu hiyo hiyo: hatari ipo.

Mzee wa Likoni

Mwanangu, Mungu amrehemu baba yako. Nina swali moja. Sisi matanga yetu ya kitambaa cha marekani tulishona kwa mkono, na tukiyaachia tumbo. Hilo la kwao wameshonaje, na tumbo limetoka wapi kama kitambaa kimevutwa hadi kinalia?

Binti Pangani

Amina, mzee wangu. Hilo nililiangalia kwa makusudi walipokuwa wanalikunja.

Kitambaa ni poliesta nzito, wanaita dakroni, kigumu kidogo kama karatasi mpya. Kimekatwa vipande virefu na kuunganishwa kwa cherehani, mshono wa zigizaga, ncha moja imelalia nyingine kama tulivyokuwa tunalaza sisi. Kwenye pembe ambako nguvu inavuta, wameongeza vipande juu ya vipande, nilihesabu tabaka nne. Tumbo haliachwi kwenye kitambaa. Kuna mifuko myembamba imeshonwa kutoka mbele kwenda nyuma, na ndani yake wanapitisha mbavu za alumini zilizopindwa tayari. Kila ubavu una mpindo wake na namba yake, ya kushoto imewekwa alama tofauti na ya kulia. Ubavu ukipinduka vibaya safarini wanaulaza juu ya mchoro wa karatasi wenye kipimo cha sawasawa na kuukunja polepole kwa goti hadi ufuate mstari.

Nilimwomba rubani nimsaidie kuzitoa. Akanipa upande wa kushoto. Nilizichomoa moja moja, nikazipanga kwa namba kwenye mfuko wake, na kitambaa kikalegea mikononi mwangu, kizito, kina chumvi.